Wairimu Wawili na Kikombe Kimoja

Mpendwa Mami,

Mjukuu wako wa kiume amezaliwa. Jina unalijua kabla sijalitaja, kwa maana mwana wetu wa kwanza wa kiume angeitwa nani tena kama si Kariuki, jina la yule mzee wako uliyemwacha Wamagana akiuliza kila apitaye kama chai imeiva. Ana afya, ana sauti, na ana masikio yake huyo baba mkwe wangu, Mungu amsaidie.

Maziwa yangu yamekuwa machache tena, vilevile kama nilipomzaa Wairimu. Lakini safari hii sikulia, Mami. Nilicheka, na kosa ni lako. Ndiyo maana nimefunika cherehani nikaketi kukuandikia, mtoto akiwa amelala mapajani.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Gatitu Wairimu alipozaliwa? Ulishuka na gunia la njahi, yale maharagwe yetu meusi, ukatangaza kwamba hakuna mama aliyekula njahi akakosa maziwa. Nikala njahi ya kuchemsha, njahi ya kuponda na ndizi, njahi ya kukaanga. Nikala mpaka Maina akamwambia mama yake apunguze, mke wake asije akageuka njahi. Nilinenepa mimi. Mtoto alinyonya, akasinzia kidogo, akaamka akilia, nawe ukambeba ukimtazama usoni wajina wako, ambaye kwa desturi yetu ni wewe mwenyewe uliyezaliwa upya. “Huyu Wairimu analia ati nini?” ukauliza. “Mimi sikuwa mtoto wa kulia.”

Kisha tukaenda kliniki na mizani ikasema alichokuwa akikililia. Uzani ulikuwa haupandi. Nesi alinieleza taratibu: nimwekee titi kwanza, pande zote mbili, kila anapotaka kula, kisha nimwongezee maziwa ya kopo ya watoto kwa kikombe kidogo. Nisiache kunyonyesha, alisema, maana mtoto anavyonyonya ndivyo mwili unavyojua kwamba maziwa bado yanahitajika. Maneno mazuri, na mimi sikusikia hata moja. Nilisikia tu kwamba nimeshindwa na kazi ambayo hata mbuzi wa kule Doldol kwenye ukame anaiweza. Nililia kwenye benchi, kisha nikafuta machozi nikaanza kukuogopa wewe. Nilijua utasema mwanao alioa mwanamke asiye na maziwa.

Uliingia ukakuta kopo mezani. Ukaligeuza, ukalitikisa, ukaliweka chini. Nikangoja nitukanwe.

“Ng'ombe yangu iko pale nyumbani imejaa maziwa,” ukasema, “na nyinyi mnanunua ya unga? Hiyo ng'ombe imewakosea nini?”

Mami, nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu ila hicho. Nilikuwa nadhani umenikasirikia mimi, kumbe umekasirika kwa niaba ya ng'ombe. Nilikueleza kwamba nesi amekataza maziwa ya ng'ombe kwa mtoto mdogo hivyo, nawe ukasema huyo nesi atakueleza mwenyewe. Tuliporudi kliniki ulikuja na kilemba chako cha kanisani na kikapu, kama mtu aendaye kwenye kesi. Nesi alikujibu kwa heshima: maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa tumbo la mtoto mchanga, na hayana vyote anavyohitaji, kwa hiyo yangoje mpaka atimize mwaka. Hukubisha. Ulinitangulia mpaka getini, nami nikafikiri umenuna.

“Basi ya ng'ombe utakunywa wewe,” ukasema. “Mtoto anywe yako na ya kopo. Kila mtu na yake, na hakuna wa kulala njaa kwa hii nyumba.”

Siku hiyohiyo ulisafisha kikombe kwa maji ya moto, ukachemsha maji mengine, nami nikapima unga kama kopo lilivyoelekeza kwa sababu miwani yako ilikuwa imebaki Wamagana. Nilimnyonyesha kwanza mpaka akaachia titi mwenyewe. Kisha ukamkalisha wima mapajani, ukagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, ukangoja. Ulimi ukatoka. Akalamba, akakunja uso, akalamba tena. Akanywa mpaka akakunja ngumi zote mbili kifuani akalala kwa shibe ambayo sikuwa nimeiona kwake. Ulimtazama ukaanza kucheka peke yako. “Leo nimejilisha mwenyewe,” ukasema. Nilikupenda sana wakati ule, na sidhani nilikuambia.

Halafu kina mama wa kikundi chako wakaja kumwona mtoto, na unga, na kuni, na njahi nyingine, Bwana asifiwe. Mmoja wao akaliona kopo. “Wasichana wa siku hizi,” akasema, “ati kunyonyesha imekuwa kazi ngumu.” Nilitamani nijifiche nyuma ya kuni. Wewe ulikuwa unamimina uji, na hukugeuka hata kumtazama.

“Huyo mtoto anaitwa nani?” ukamuuliza.

“Si ni Wairimu.”

“Basi huyo ni mimi. Na mimi nimesema nimeshiba. Kuna mwingine ako na swali?”

Walicheka mpaka uji ukamwagika. Yule mama mwenyewe ndiye aliyeomba kikombe aone mtoto anavyolamba. Tangu hapo sikumficha mtu kopo langu. Nilinyonyesha, nikaongeza, nikanyonyesha, na siku mizani ilipopanda vizuri ulipiga ngemi, vile vigelegele vyetu, palepale kwenye foleni, watoto wa watu wakaamka. Wairimu aliendelea kunyonya mpaka akaweza kutembea mwenyewe kuja kunifungua vifungo. Na wewe ukaanza kuniita “mama”, kwa kuwa nilikuwa nimekuzaa, ukidai nikutengenezee chai kama mtoto mwingine yeyote.

Chai. Ulipougua, hilo ndilo lililokusumbua. Miaka yote ya ndoa yenu mzee hakuwahi kunywa chai iliyowekwa mezani, ilibidi umtie kikombe mkononi na kumwambia, “Kunywa basi, mzee, itapoa.” Ukiwa umelala pale kitandani ulituuliza nani sasa atampa Kariuki kikombe. Maina alitoka nje. Nami nilikushika mkono tu, na swali hilo nimeishi nalo.

Sasa sikia. Jumamosi baba mkwe alikuja kumwona wajina wake. Nilikuwa nimeshamaliza kunyonyesha na kikombe kilikuwa tayari, na Wairimu, ambaye sasa ana pengo mbele na maoni juu ya kila kitu, akasema ni zamu yake. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwekea ndugu yake mapajani, nikatia mkono wangu chini ya wake. Akamgusisha kikombe mdomoni. Mtoto akageuza uso. Wairimu akashusha pumzi kama mwanamke aliyechoka na ndoa, akasema:

“Kunywa basi, mzee, itapoa.”

Sijui aliyasikia wapi. Labda kwako, alipokuwa akicheza jikoni kwenu. Mtoto akafungua mdomo akaanza kulamba. Nilimwangalia baba mkwe. Alikuwa amevua kofia, machozi yanateremka, na anacheka, anacheka kweli, mara ya kwanza tangu tukuzike.

“Mnaona huyu mama?” akatuambia. “Bado ananilisha.”

Kwa hiyo pumzika, Mami. Ulituuliza swali na tulichelewa kukujibu. Kariuki anakunywa vizuri, na anayempa kikombe ni Wairimu.

Mkaza mwanao, na mama yako