Benchi Lililowainua Wageni

Bantama, Kumasi
Jumatano

Kaka yangu mpendwa Oduro,

Salamu nyingi zikufikie huko Hamburg, wewe na wifi na watoto. Natumai baridi imepungua na mgongo umepata nafuu, maana mara ya mwisho ulisema hata kamba za viatu unafungiwa. Sisi hapa hatujambo kwa afya. Mjomba Nsiah anakula vizuri, analala vizuri, na kugomba ndiyo usiseme. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechoka, na sababu zake utazisoma humu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Ni kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikisema, "Kaka, kuna jambo," unauliza utume kiasi gani, na nikisema si jambo la pesa, unasema basi uko kazini. Kwa hiyo nimeandika, na nimempa Dada Akyaa anayesafiri Ijumaa, nikamwapisha akukabidhi mkononi. Kaa chini usome hadi mwisho.

Habari yenyewe ni ya mdogo wetu Konadu. Uchumba wake wa kwanza unajua ulivyokufa kwa maneno ya watu, na sasa ana miaka thelathini na minne. Huyu mwenzake wa sasa, Tawia anayefundisha fizikia, ni mtu mtulivu, anamsikiliza hata akiropoka, na wote tuliona kwamba safari hii Mungu ametukumbuka. Basi ukoo wa Tawia ulipotuma neno kwamba watakuja kubisha hodi kuleta posa baada ya Jumapili tatu, sote tulifurahi, kisha tukatazama sebule yetu, kisha wote wakanitazama mimi.

Sebule unaijua. Makochi yale ya Baba, ukikaa chemchemi zinakusalimia. Kabati kubwa la televisheni, mchwa wamelila upande mmoja, na televisheni yenyewe ilikwisha kufa. Konadu akasema twende dukani tukakopeshwe seti ile yenye nailoni, na nailoni isitolewe mpaka wageni waondoke. Mjomba akasema enzi zake watu waliposwa wakiwa wamekaa juu ya magogo, na baada ya kusema hivyo akadai kiti chake kipya kiwe na mgongo mrefu. Na wewe, Kaka yangu, ukapiga simu kuamuru nikodi viti vyenye utepe kama vya harusi. Si wewe uliyeniambia kwamba kochi lako la huko uliliokota kando ya barabara, wenyewe wameliweka nje limkute anayelitaka? Kumbe kuokota Hamburg ni akili, kuokota Bantama ni aibu!

Nikawaambia nipeni wiki tatu na mniache. Unajua tangu niliposimamisha kushona nguo, kazi yangu ni hii ya kuvirudishia uhai vitu ambavyo watu wamechoka navyo. Mjomba ananiita Mama Jalala mbele ya wateja. Nililipasua lile kabati, nikakuta mbao za ndani ni mvule mtupu, mchwa hawakuugusa, nikazipiga msasa zikatoa meza mbili. Miguu ya cherehani ya Mama nikaiwekea kioo cha dirisha lililovunjwa, ikawa meza ya vinywaji. Friji bovu nikalilaza chali, nikalivika sponji na kitenge, likawa kiti cha watu wawili chenye sanduku ndani. Matairi mawili nikayazungushia kamba, yakawa stuli. Foronya nikazishona kwa viroba vya unga. Nimevichemsha mara nne, Kaka, lakini yale maandishi hayakutoka, na mto aliouchagua Mjomba mpaka leo umeandikwa KILO HAMSINI. Konadu alicheka hadi akakaa chini, akasema mizani imekosea, Mjomba ni zaidi ya hapo.

Huo ndio ulikuwa msaada wao, kucheka. Seremala Agya Poku niliyemwita anisaidie randa alizunguka sebule nzima, akagongagonga friji, akaniuliza kama nina uhakika kwamba mume wangu alikufa kwa ugonjwa na si kwa kuikimbia nyumba. Nikamfukuza na randa yake.

Kilichobaki ni kiti cha heshima, pale wazee wa kuumeni watakapokaa. Friji huwezi kumkalisha mzee wa watu. Mjomba akaniambia, kwa mdomo wake, niingie stoo ya uani nichukue chochote isipokuwa ngoma na mwavuli wa ukoo. Kesho yake nikatoka na mabomba ya shaba yaliyoota kutu ya kijani. Mchomeleaji akaniungia benchi refu lenye mgongo na mikono, mimi nikalisugua kwa ndimu na majivu siku mbili mpaka kucha zikabadilika rangi. Kaka, liling'aa! Konadu, ambaye alikuwa akipita kazini kwangu akiziba pua, alilipiga picha akawatumia marafiki zake. Mjomba alilipapasa, na macho yake yale yasiyoona hata sahani, akasema sasa nyumba ina hadhi. Wakaniuliza shaba imetoka wapi. Nikasema nimeinunua kwa wale wapitao na mikokoteni wa chuma chakavu.

Jumapili wakaja, watu saba, na chupa zao mbili za kubishia hodi zimefungwa karatasi nyekundu. Eno Birago, bibi yake Tawia, ndiye tuliyemweka katikati ya benchi, na mashangazi wawili ubavuni. Msemaji wao akaanza kwa madaha kwamba walikuwa wakipita zao wakaona ua zuri ndani ya ukuta wetu. Mjomba naye, msemaji wetu, akajibu kwamba maua humu ni mengi, waseme wamevutiwa na lipi, wasije wakang'oa mchicha. Watu wakacheka. Konadu yuko chumbani anasikiliza kupitia tundu la ufunguo. Mimi nasimama mlangoni na sinia, najisikia mtu.

Eno Birago hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya ncha ya benchi, kwenye kile kirungu cha shaba ambacho nilishindwa kukinyoosha, kimeinama upande tangu siku nyingi. Anakizungusha, anakiachia, anakizungusha tena. Kisha akafanya kitu ambacho hakifanywi: akampita msemaji wao, akampita na msemaji wetu, akaniuliza mimi moja kwa moja, "Mwanangu, shaba hii umeitoa wapi?"

Nikasema, "Ni chuma chakavu tu, Eno. Nilikiokota njiani."

Akainuka. Akamwambia msemaji wao achukue chupa. Mjomba akauliza kuna nini, tumekosa nini, na yule mama akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Hiki ni kitanda cha nyumba hii. Mume wangu alilazwa hapa."

Sasa umeelewa, Kaka. Ni kitanda cha Bibi. Kile cha shaba ambacho wafu wa nyumba hii walilazwa juu yake, wamevishwa vitambaa vya kente, watu wakipita kuwaaga. Kile ambacho nusu ya Bantama walikuja kumwazima Bibi kila walipofiwa, kabla hawajaja hawa wapambaji na vitanda vyao vya kukodi. Mashangazi wale wawili waliruka kama wamekalia siafu, mmoja akawa anajikung'uta nguo mpaka kwenye lango. Mjomba akapiga kelele kwamba nimekalisha wakwe juu ya maiti. Nikamwambia ni yeye aliyeniambia nichukue chochote! Akasema chochote si kitanda cha wafu, hata mtoto wa kunyonya anajua. Konadu alitoka chumbani akakuta sebule tupu na soda hazijafunguliwa. Hakulia. Aliniangalia tu, akaingia ndani, na tangu hapo ananisalimia kama jirani. Chupa zikirudi zilikotoka, Kaka, hakuna asiyejua maana yake, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua.

Nilikasirika na kila mtu. Nilikukasirikia wewe na utepe wako, Mjomba na macho yake, Konadu na nailoni yake, hata Tawia kwa kuwa na bibi mwenye kumbukumbu. Ukinisoma tangu mwanzo utaona bado sijamaliza.

Jana asubuhi Eno Birago akaja mwenyewe, kwa teksi, bila msemaji. Alinikuta nimelitoa benchi uani nalitazama, sijui nilivunje au nilifiche. Akaketi juu yake, pale pale. Akaniambia eti nani kanidanganya kwamba yeye anaogopa kukaa hapo. Mwaka ule alikaa kando ya mumewe kwenye kitanda hiki tangu alfajiri mpaka walipokuja kumchukua. Kile kirungu kiling'oka waliposogeza kitanda, akakiokota, akakishika mapajani mchana kutwa, maana watu walikuwa wengi na kila alipotaka kumshika mumewe mkono walimwambia atachafua kente. Jioni alikirudisha mwenyewe, kikaingia upande.

Akasema, "Sikuinuka kwa sababu ya wafu. Niliinuka kwa sababu umemwita mume wangu kitu cha kuokota njiani."

Nikamwomba radhi, Kaka, kwa magoti. Akaniacha nipige magoti muda wa kutosha, kisha akauliza jambo jingine. Akauliza siku ya msiba wa Mama kwa nini hakulazwa hapa. Akasema walikaa meza moja sokoni miaka ishirini, yeye na samaki wake, Mama na nyanya zake, na Mama alimwambia si mara moja kwamba siku yake ikifika atalala alipolala mama yake. Na siku ilipofika akaja akakuta kitanda cha vioo chenye taa za kuwakawaka. Alidhani sisi watoto hatukujua. Akaniangalia machoni, akaniuliza kama hatukujua.

Kaka Oduro, nilijua.

Wiki mbili kabla hajafariki Mama alinishika mkono akaniambia kwa maneno matatu: kitanda cha Mama. Wewe ukanipigia simu siku alipofariki, ukilia, ukaniuliza kama aliacha neno lolote. Nikakuambia hakuacha. Ulikuwa umeshasema kwamba mama yako atazikwa kwa fahari mpaka Kumasi itetemeke, umeshawalipa wapambaji, na mimi, mjane ninayeokota mbao, nilifikiri nikisema Mama anataka kitanda kilichoota kutu stoo, wewe na watu mtasema ni ubahili wangu, kwamba hata mama yangu nataka kumzika kwa vitu vya jalala. Nikanyamaza. Ninayemhubiria kila mteja kwamba cha zamani kina heshima yake, siku iliyohitajika niliona haya.

Kwa hiyo nilipoingia stoo ile sikukosea. Sikudhani ni mabomba. Miaka miwili tangu msiba nilikuwa nikiupita mlango ule nimegeuza uso, na nilipokiona nilitaka tu kitoke gizani, watu wa nyumba hii wakiegemee, hata bila kujua. Kisha nikaulizwa mara mbili kimetoka wapi, na mara zote mbili nikakikana.

Nilimwambia Eno Birago haya yote. Hakunipoza. Alisema chupa ziko kwake, hazijafunguliwa, na Konadu anampenda. Lakini hatamtuma mjukuu wake aoe katika nyumba ambayo neno la mama limefichwa kwa mwanawe mkubwa. Siku utakapompigia simu wewe mwenyewe, umwambie kwamba sasa unajua, Jumapili itakayofuata watarudi. Na jambo la pili: benchi nilirudishe kuwa kitanda, kwa sababu zamu yake ya kulazwa hapo haiko mbali, na yeye hakumnong'oneza mtoto mmoja kama Mama, ameshatoa amri kwao mbele ya msemaji na mashahidi. Mchomeleaji anakuja kesho. Wageni nitawakalisha kwenye friji.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii; ukinisamehe haraka sitakuamini. Nataka ujue tu kwamba Mama hakuhitaji wapambaji, wala hakuhitaji pesa uliyoikopa ambayo najua bado unakatwa kwenye mshahara. Alichotaka kilikuwa humu humu nyumbani, vyumba vitatu kutoka alipofia, na kilihitaji ndimu tu na mtu wa kukisugua.

Mjomba anakusalimu, anasema umtumie miwani. Konadu hajui ninakuandikia, kwa hiyo salamu zake nakutungia mimi: hajambo, anasubiri. Mkumbatie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Namba ya Eno Birago nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie yeye kwanza, kisha ndiyo unipigie mimi unitukane.

Ni mimi dada yako,
Afriyie