Lumbesa Tatu na Kiboko Changu

Leo ni Jumanne, mwezi wa nne. Mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka, lile jua la kinafiki linalokuchoma shingo huku miguu imelowa. Mwili wote unauma, kuanzia kisigino mpaka kwenye nywele. Sikujua kama nywele nazo huuma.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kichuguu, pembeni ya shamba la bibi yangu, ng'ambo ya mto. Mtandao wa huku unapatikana kwenye kichuguu tu. Ukishuka, simu inageuka tochi.

Najua mtaniuliza. Si ulitutangazia kwamba leo ungekuwa Misima barabarani, unapigwa picha, unaitwa injinia? Ndiyo, nilitangaza. Tena kwa herufi kubwa.

Basi sipo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa kuchomelea, gereji yetu ipo Masuguru, Korogwe. Shule niliishia kidato cha pili. Akili nilikuwa nazo, ila shule haikuwa na subira. Tangu vuli nimekuwa natengeneza chombo cha kutembea nchi kavu na majini. Mimi na rafiki yangu Sefu tulikuwa na guta, ile pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo. Nikaifunga mapipa manne ubavuni, mawili kila upande, nikaiita Kiboko.

Bibi yangu anaiita Kenge.

Na sababu ya yote ni huyo huyo bibi. Bibi Mwanaidi ndiye aliyemzaa mama yangu, na shamba lake liko huku ng'ambo. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira katikati. Masika ni habari nyingine. Mwaka huu mvua zimewahi, zikamkuta bibi bado yuko kwenye kibanda chake cha shamba na mahindi ya vuli hajayatoa. Maji yakakata njia. Siku yalipopungua kidogo, wajomba walikuja kumvusha mgongoni, akawafukuza. Haachi mahindi yake. Mchana ngedere, usiku nguruwe pori, na yeye yuko katikati anagonga debe. Na kifua kinambana. Nikimpigia simu namsikia anakohoa mpaka sauti inakwisha, halafu ananiambia ni moshi wa kuni.

Kwa hiyo kazi ya Kiboko ilikuwa moja: kumleta bibi na mahindi yake upande wenye zahanati. Mengine yote ni mbwembwe. Nakiri mbwembwe nilizitia nyingi. Niliweka bampa la chuma mbele. Niliweka spika mbili.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana kuna wataalamu wa vijiweni wanaodhani nilifunga mapipa nikasema bismillah. Shida ya chombo cha namna hii ni kwamba ukikipendeza majini kinachukiza barabarani. Mapipa yakikaa karibu na bodi, kinapita vizuri kwenye vichochoro, lakini majini kinapinduka kama kobe. Nilipinduka nacho lamboni mbele ya ng'ombe wa watu, na ng'ombe waliniangalia kwa huruma. Nikayatoa mapipa nje zaidi, kikatulia majini, ila sasa hakipiti kati ya mihogo ya watu bila kung'oa. Ikabidi niweke bawaba. Barabarani mapipa yananyanyuka juu kama mbawa za kuku anayegombana, majini yanashuka na kufungwa kwa pini. Tairi za nyuma nikazifunga vipande vya tairi kuukuu, ndivyo vinavyosukuma maji kama makasia. Kwenye lami vinapiga pa-pa-pa-pa kutoka Korogwe mpaka Misima. Watoto walikuwa wanatusikia kabla hawajatuona.

Bomba la moshi nililipandisha juu, limepita kichwa changu. Nilifikiria kila kitu.

Tena nilipiga hesabu. Pipa moja linaingia ndoo kumi kubwa za maji, na ndoo moja ya maji ni kilo ishirini. Kwa hiyo pipa tupu, ukiliziba sawasawa, linabeba kilo mia mbili kabla halijakubali kuzama. Manne ni mia nane. Toa guta, toa vyuma, toa mapipa yenyewe, toa mimi na Sefu. Inabaki mia tatu na kitu. Nikampigia bibi: gunia ngapi? Akasema matatu tu, mjukuu wangu. Gunia ni kilo mia. Mahindi safari ya kwanza, bibi safari ya pili, saa ya chakula cha mchana tuko nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango ya injinia wenu.

Asubuhi tulifika mtoni upande wa Misima, watu wamejaa ukingoni. Sijui nani aliwaita. Sawa, ni mimi.

Tulishusha mapipa, tukafunga pini, Sefu akafunga kamba kwenye mti, akadandia nyuma huku akiiachia taratibu, nikaingia. Kuna kitu siwezi kukieleza vizuri. Tairi zinakanyaga mchanga, zinakanyaga, halafu haziukanyagi tena. Chini hakuna kitu na bado unaenda. Vile vipande vya tairi vikaanza kuchapa maji, tope likaruka mpaka kwenye meno yangu, maana nilikuwa nimeyatoa yote nje kwa kucheka. Mto ulitusukuma chini, tukaenda mshazari kama kaa, lakini tulifika. Tairi zikashika ardhi upande wa pili, Kiboko kikapanda ukingo chenyewe, huku nyuma watu wanapiga mayowe.

Nilipoteremka nilijiona mrefu.

Bibi alikuwa amesimama pale na khanga kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja na kenge wako?"

"Kiboko, bibi."

"Kiboko namjua. Kiboko ana masikio. Huyu ya kwake yako wapi?"

Sefu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa namwangalia bibi mwenyewe. Amekonda. Mkono wake niliuinua kuubusu, nikahisi nimeshika kuni.

Tukakirudisha Kiboko kwenye maji ya ukingoni, tukapakia haraka. Gunia la kwanza, Kiboko kikashuka kidogo. La pili, mapipa yakabaki yanachungulia. La tatu tulilibeba watatu, na Sefu akasema, "Oya, mbona maji yamekuja karibu hivi?"

Nikamwambia, "Kausha mwanangu, hesabu ninayo mimi."

Hayo maneno nayasikia mpaka sasa hivi hapa juu ya kichuguu.

Hatukufika mbali. Tairi ziliachia ardhi tu, pua ikainama, maji yakaingia kwenye kabureta, injini ikakohoa ikanyamaza. Kiboko hakikuzama kwa kishindo. Kilizama taratibu, kama mzee anayeketi. Maji yalikuwa ya kiunoni mwangu, kwa hiyo hakuna aliyekufa, lakini pale sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kwamba nyuma yangu kulikuwa na mtu ameingia mtoni. Nilipogeuka ni bibi, maji kifuani, ameng'ang'ania ncha ya gunia kwa mikono miwili, na mto unamvuta yeye pamoja na gunia lake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kiboko kingeenda mpaka Pangani, sikujali. Niliruka nikamkamata kiunoni, nikamwambia aachie. Hakuachia. Ikabidi nimvute yeye na gunia kwa pamoja, Sefu akasukuma kwa nyuma, tukatupwa ukingoni kama nguo.

Alikohoa muda mrefu. Upande wa pili nikaona wale watu wanaondoka mmoja mmoja. Huwa wanaondoka hivyo mechi ikishaisha vibaya.

Tulitoa magunia yote. Moja limelowa lote, mawili yamelowa chini. Tukakivuta Kiboko kwa kamba mpaka pakavu. Halafu tukatandika turubai na mikeka yote ya kibandani, tukamwaga mahindi, tukaanza kuyatandaza. Bibi amekaa katikati anachambua, anatupa yaliyooza, na bila kuniangalia akauliza, "Hivi, mume wangu, wewe ulipiga hesabu ya nini?"

"Gunia, bibi. Kilo mia."

Aliinua uso. Kwanza akacheka kimya, mabega tu, halafu kwa sauti, kisha kikohozi kikamkata.

"Kilo mia? Gunia la kilo mia ukilipeleka sokoni Mkata, watakuuliza nusu yake umempa nani!"

Nikayaangalia yale magunia matupu. Jamani, yalikuwa lumbesa. Yote matatu. Kila gunia lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, halafu limeshonewa kofia ya kamba juu, kofia nayo imejazwa ikavimba. Mtu wa mbali angejua kwa kuangalia tu. Mimi niliyaona kwa macho yangu mawili, niliyabeba kwa bega hili hili linaloniuma, na sikuona kitu. Kwa sababu tangu nizaliwe gunia la mahindi lina kofia. Gunia lisilo na kofia nililiona kwenye kitabu cha hesabu. Kwa hiyo nikachukua kilo za kwenye kitabu nikayapimia mahindi ya bibi. Madebe mawili zaidi kila gunia. Hata mapipa yangu yalijua kuhesabu kuliko mimi.

Sefu anasema nibadilishe jina la ukurasa huu niuite Kilo Mia. Nimemwambia acha kuzingua. Lakini nimechoka hata kumtukana vizuri.

Mchana wote tumekuwa mafundi na vibarua. Nilifungua plagi, nikakausha kabureta kwa shati. Oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Bahati Sefu alibeba lita moja nyingine, nami nilikuwa nimemcheka asubuhi kwamba anabeba mizigo ya woga. Bampa nimelifungua. Spika nimezifungua pia, moja bado inalia kama mtu aliyemeza maji. Alasiri tukapiga kiki mpaka mguu ukakataa, na mwisho injini ikawaka, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Sikushangilia. Nilikaa tu chini nikaegemea tairi.

Kisha likaja lile suala ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. Nikamwambia bibi kwamba bila mahindi, Kiboko kinambeba yeye na dereva na bado mapipa yanabaki nje vizuri. Avuke kesho asubuhi, apelekwe zahanati, mahindi yatafuata.

"Yatafuata na nani? Yana miguu?" akasema. "Mahindi yaliyolowa yanataka kugeuzwa, la sivyo kesho kutwa yameota ukungu, hata kuku hawali. Na ngedere wale kule wanatusikiliza." Akatuangalia, Sefu kisha mimi. "Abaki mtu ninayemwamini. Huyu rafiki yako simwachii hata kikombe."

Sefu akasema, "Bibi, mimi niko hapa hapa."

"Nimekuona, ndiyo maana nasema."

Wanaoweza kukiendesha Kiboko ni wawili. Mmoja aende, mmoja abaki, na bibi amesema abaki nani. Nimekaa hapa kichuguuni natafuta hesabu nyingine. Sefu abaki na mimi niende? Bibi hapandi. Twende wote watatu? Mahindi yanaliwa, na bibi hapandi. Nimetafuta kona zote, kila njia inarudi kwangu.

Maana yake nini? Maana yake chombo nilichokichomelea mimi, nilichopinduka nacho mbele ya ng'ombe, nilichochekewa na gereji nzima, kesho kitavuka na Sefu kwenye usukani. Watu wakirudi ukingoni watampiga picha Sefu. Ataitwa injinia Sefu. Namjua, hatakanusha. Atasema "kawaida tu" na miwani yake ile ya jua.

Nimejiuliza kwa nini inaniuma kuliko kuzama. Sijapata jibu la kunipendeza. Labda bibi nilikuwa namtaka avuke, lakini nilitaka zaidi nionekane ninamvusha. Hayo mawili niliyachanganya kama kilo na lumbesa, na leo kidogo yamgharimu mtu uhai.

Nimeshamwambia Sefu aendeshe polepole, asipandishe gia katikati ya maji, na asimsemeshe mambo ya kuchekesha maana akicheka anakohoa. Bibi ameshakubali. Anafunga vitu vyake kwenye khanga, huku ananipa maagizo: yageuze kabla jua halijapanda, usilale mchana, ugali usiuache mbichi. Nimeitikia yote.

Asubuhi maji yakiwa bado chini, nitaingia mpaka kiunoni, nitakisukuma Kiboko mpaka tairi ziachie mchanga. Halafu na mimi nitaachia.

Nyinyi mlioko Misima, mkimwona Sefu anapanda ukingo amekaa kama mgunduzi, msimzomee. Msimzunguke kupiga picha pia. Nyuma yake kuna mama mzee anakohoa. Mpisheni apite.

Mimi niko huku, nageuza mahindi.