Nataka Kumwita Mwanangu Mama

Mpendwa Mama Mbula, naomba uniokoe maana Jumapili mtoto wangu anawekwa wakfu kanisani na jina bado ni vita. Nimeolewa hapa Mutomo lakini kwetu ni Mbumbuni, nina wavulana watatu, wa kwanza ana jina la baba mkwe na wa pili ni Mwangangi kama baba yangu, ndiyo maana humwita nau, yaani baba, hata nikimkemea. Huyu wa tatu nilimngoja awe msichana aitwe Mwendwa, jina la mama yangu aliyefariki nikiwa mjamzito, na akazaliwa mvulana, na siku hiyo hiyo nikatolewa kizazi kwa kuvuja damu. Mama Mbula, natamani sana kumwita mtu mama. Nikimwogesha tukiwa wawili tu namnong'onezea mwaitu, mama yangu, kisha nalia hadi maji yanapoa. Mume wangu Mwau anasema mwanamume habebi jina la nyanyake, watamcheka, anataka aitwe Kasyoki kama ndugu yake. Labda ni kweli, na mama hakuwa mtu wa kuchekwa, alilima kwa ng'ombe na kuezeka mabati, kwao walikuwa wasichana watupu hata nyanya, mama yake, alimwita nau mpaka uzeeni, kwa utani kwamba ndiye mwanamume wa boma. Nifanye nini?

Kanyiva, Mutomo

Kanyiva, pole kwa mama na pole kwa uliyopitia. Lia, usizuiwe na mtu. Lakini umenikasirisha kidogo, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio.

Wewe humwita Mwangangi nau kwa utani? Basi nani alikwambia nyanya yako alikuwa akitania? Ninavyoona mimi, baba yake nyanya aliitwa Mwendwa, na nyanya alipokosa mvulana hakungoja ruhusa ya mtu, akampa msichana jina hilo. Mwendwa ni aliyependwa. Tangu lini wanaopendwa wakawa wanawake tu? Hapa Kitui mjini ninaponunua vitambaa, mwenye duka ni Nuru, mzee mwenye ndevu, na mjukuu wake wa kike ni Nuru, na sijaona mteja akicheka. Kanisani kwenu je, hamna Baraka anayevaa suruali na Baraka anayevaa gauni?

Usibishane tena na Mwau. Wiki hii nenda Mbumbuni kwa dada yeyote wa mama yako aliye hai, umwulize baba wa nyanya yako aliitwa nani, kisha umlete aseme mwenyewe mbele ya mume wako. Na kama nimekosea, bado mwambie Mwau ukweli bila kelele: hutazaa tena, na huna mwingine wa kumpa jina hili. Shemeji Kasyoki ana ndugu, atapata wa kumrithi jina.

Na uache kunong'ona bafuni. Mwite mwaitu uani, kwa sauti, wote wasikie. Leo hawezi kukujibu, lakini mwakani utaita mama, na mtu ataitika.