Mkaja wa Warda

Shangazi Hasina, shikamoo. Nisaidie kwani nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Mimi ni afisa wa watoto huku Ukunda, kazi yangu ni kuwatoa watoto kwenye nyumba zinazowaumiza na kuwatafutia walezi, na tulifunzwa tusiwazoee, lakini Warda nilimtoa kwao Bodo akiwa mdogo, baba wa kambo akimpiga na mama yake akinyamaza, nikambeba mgongoni mpaka barabarani, nikampeleka kwa mlezi, Bi Mwanatumu wa Mwabungo, na ijapokuwa kazi yangu kwake iliisha zamani, yeye hakuniacha, kila Idi yuko kwangu na kaimati, akiugua hunipigia mimi, akifurahi hunipigia mimi. Sasa ameposwa na Issa, kijana mwenye duka pale Kona ya Musa, na wakwe wameuliza mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, apewe nani, Warda akajibu bila kupepesa macho, "Mama yangu ni yule wa ofisini," na mama mzazi aliposikia alikuja mpaka mlangoni kwangu akaniambia, "Mwanangu ulimchukua nikanyamaza. Na mkaja wangu pia wautaka?" Shangazi, nilimfungia mlango, kwa sababu wallahi nautaka. Warda naye amesema nikikataa harusi haipo, basi simu zake sipokei, naitazama tu ikilia mpaka inakatika. Nifanye nini?

Mchovu, Ukunda

Marahaba, mwanangu. Pole. Kubeba watoto wa watu moyoni si mchezo, na mshahara hautibu. Pole nishakupa, sasa nikuseme.

Mkaja ni haki ya tumbo. Ni ile nguo mzazi aliyojifunga alipojifungua, na aliyejifungua yuko Bodo. Alikosea, tena sana, mtoto kupigwa mbele yako ukatazama si jambo dogo! Lakini uchungu wa kuzaa aliuona yeye, na adhabu yake amekwisha kuipata, mwanawe amekulia kwa mwenziwe. Wewe si kadhi wa kumwongezea nyingine.

Na kuna lililoniudhi zaidi. Barua yote hii, Bi Mwanatumu umempitia kama kituo cha matatu! Nani alimwogesha, akamsuka, akakesha naye kwa homa mpaka akavunja ungo? Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mkaja una mwenzake, ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na wakwe hutoa vyote viwili. Mkaja uende Bodo, ubeleko uende Mwabungo. Wewe ulimbeba siku moja tu.

Basi nenda Bodo na Warda, usiende na gari la ofisi. Usimlazimishe kusamehe. Mwambie mkaja si msamaha, ni haki ya mtu, na kusamehe atasamehe siku yake, au asisamehe.

"Na mimi je?" Wewe hupati nguo, mama. Wazee hawakuijua kazi yako, hawakuiwekea nguo. Siku ya nikaha kaa ndani na wenzako, ule pilau, ulie mpaka uchoke.

Lakini hiyo simu! Mtoto ana mama wawili, na bado anakutafuta wewe. Mama yake alinyamaza, ukaenda ukamtoa. Leo anayenyamaza ni wewe. Mpigie sasa hivi.