Donge la Manyoya Mlangoni kwa Swaka

Jumatatu, 20 Juni 2016
Paka ametapika juu ya suti ya bwana harusi. Suti ya kijivu, nalo donge lenyewe la kijivu — angalau hapo nina bahati. Refu kama kidole, limelowa. Nilidhani panya. Nikaligeuza kwa ncha ya mkasi: manyoya matupu. Yake mwenyewe.

Paka huyu, Sufu, aliachwa na yule mama wa shirika niliyekuwa namshonea magauni. Alipohamishwa mwezi wa pili aliniachia paka, kikapu na friji isiyogandisha. Paka wanaozunguka duka langu mtaani Hai Jalaba ni wembamba kama uzi. Huyu anatembea kama mto wa kochi.

Naandika Kiswahili, nilichojifunza kwa fundi wangu kule Arua, kwa sababu Shangazi Natalina, ninayeishi naye, anasoma Kibari, Kiarabu na Kiingereza. Na anasoma kila kitu.

Jumatano, 22 Juni
Donge la pili. Hili halikuangukia kwangu.

Asubuhi jirani yetu Swaka alisimama langoni, mkono umenyooka mbali na mwili, mfuko wa nailoni unaning'inia. Amelikuta kwenye kizingiti chake. Mkewe, Santina, ana mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia ziliharibika. Mtaa mzima unajua.

"Ya Goretti, nani iko naweka nywele kwa mlango yangu?"

Nikamweleza. Paka hujilamba, humeza nywele, zinajikusanya tumboni, anazitapika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao walikuwa na paka saba na hakuna hata mmoja aliyetapika nywele. Halafu akasema, polepole, "Wewe fundi. Kwako iko uzi, iko sindano, iko nywele."

Anapeleka kesi ya uchawi kwa sultani, mkuu wa mtaa. Ijumaa tarehe nane, saa kumi.

Nilicheka alipoondoka. Kisha nikaacha. Ule mfuko aliondoka nao.

Alhamisi, 23 Juni
Daktari Lagu alipita kuchukua koti lake jeupe. Ni daktari wa ng'ombe. Nikamwonyesha Sufu. Akamzunguka mara mbili, akasema hajawahi kutibu mgonjwa anayetosha kwenye kikapu.

Lakini anajua. Manyoya marefu, joto hili, anajilamba kutwa. Nimchane kila siku, kisha nimpanguse kwa kitambaa chenye maji kuondoa nywele zilizolegea. Maji ya kunywa mengi. Boga lililochemshwa, kijiko kimoja kwenye chakula. Mafuta ya mgando kidogo tu kwenye mguu wake wa mbele, atayalamba mwenyewe. Kutapika donge mara moja moja si ugonjwa, alisema. Ugonjwa ni akihangaika kutapika na kisitoke kitu, hali chakula, hapati choo. Hapo nimpigie simu hata kama yuko kanisani.

Jumapili, 26 Juni
Mikwaruzo: tisa mkono wa kushoto, minne wa kulia. Kila nikimchana zinatoka nywele za kujaza soksi.

Shangazi alichelewa misa ya kwanza akitafuta kitana chake. Alikipata kimejaa manyoya. Alikitazama, akanitazama, akaenda kanisani hivyo hivyo na kitambaa kichwani. Nimenunua kingine.

Boga anakula. Mafuta ya mgando aliyapangusia pazia.

Jumamosi, 2 Julai
Siku kumi bila donge! Anang'aa. Hata suti zangu ni safi. Nilimwambia Shangazi kwa majivuno.

Akaendelea kuchambua maharage. "Na siku ya kesi utamwonyesha sultani nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa.

Jumanne, 5 Julai
Niliamua kuacha kumchana mpaka Ijumaa, ili kiwepo cha kuonyesha. Nilivumilia mpaka saa sita mchana. Alikuja mwenyewe na kulala juu ya kitana.

Ijumaa, 8 Julai
Naandika chini ya meza ya kukatia.

Jana jioni risasi zilisikika upande wa Gudele. Leo tukaenda kwenye kesi hivyo hivyo, kwa kuwa sultani Kenyi hakuahirisha. Mezani kwake, juu ya kisahani, donge limekauka. Nikaweka kikapu kando yake. Nikaeleza yote ya Lagu. Sultani akasema basi paka atapike, tuone.

Tukamtazama Sufu. Watu kama ishirini. Alijinyoosha, akalala. Nusu saa. Mzee mmoja alipendekeza aguswe mgongoni. Aliguswa. Akakoroma. Swaka alisema, "Iko wapi sasa?" na kusema kweli paka nilikuwa nimemponya. Santina peke yake ndiye alikuwa ameinama juu ya kikapu. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba paka ana macho mazuri.

Ndipo ikaanza. Si risasi moja moja — mizinga, kutoka upande wa ikulu. Meza ilipinduka. Nilikimbia na kikapu kichwani kama muuza mandazi.

Jumamosi, 9 Julai
Kimya. Sikukuu ya uhuru, hakuna aliyetoka. Sufu yuko nyuma ya friji, anajilamba bila kupumzika. Hataki kuchanwa.

Jumapili, 10 Julai
Milio imerudi, mikubwa zaidi. Helikopta juu ya paa. Ukuta wa Swaka ni mabati, wetu ni matofali. Shangazi alifungua mlango na kuita jina lake kabla sijasema neno. Wakaja wakitambaa, yeye na Santina. Tumelala sakafuni wanne.

Jioni Sufu alitoka nyuma ya friji, akainama, shingo mbele, akakohoa. Tena. Tena. Hakikutoka kitu.

Jumatatu, 11 Julai
Sufu hajala tangu Jumamosi. Choo hakuna. Boga liliisha, maji ni nusu ya jerikeni. Santina alimpa kifuniko kimoja cha maji yake. Nilimkataza. Hakunisikia.

Nikampigia Lagu. Amelala chini ya kitanda chake, lakini alijibu. Akataka niguse tumbo: laini au gumu? Hapo simu yangu ikakata, salio limekwisha.

Swaka alikuwa ameitunza simu yake tangu jana ili ampigie kaka yake aliye mjini Nimule, salio la dakika sita tu. Aliitazama. Akamtazama Santina, aliyekuwa amelaza mkono mmoja tumboni mwake na mwingine juu ya paka. Akanipa.

"Uliza yeye kila kitu. Haraka."

Lagu anasema: kijiko kidogo cha mafuta ya mgando, nimlambishe, nipapase tumbo taratibu kuelekea nyuma, ningoje saa moja. Kisipotoka ni kupasua, na leo hakuna mahali pa kupasulia. Dakika mbili zimebaki kwenye simu.

Dakika arobaini sasa. Swaka amemshika paka miguu ya mbele kwa mkono mmoja, wa pili unapapasa tumbo, anamsemesha Kibari kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mikono yake imejaa mikwaruzo. Helikopta inarudi. Anasema donge linasogea chini ya vidole vyake, nije, nishike miguu ya nyuma —