Wivu Wangu Siku ya Kamba

Tabora, Alhamisi. Novemba, na mvua bado.

Joto. Mchana mawingu yalijikusanya upande wa Itetemia, yakanguruma kidogo, watu wakakimbilia kuanua nguo, kisha yakaondoka bila kutupa hata tone. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Isevya, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji, na nina hasira hata na hayo mawingu.

Nina wivu. Naliandika neno hili mapema nisije nikalizunguka kama ninavyolizunguka kila siku.

Kwa anayeisoma shajara hii mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa usanifu wa michoro katika chuo kimoja cha hapa mjini. Nafundisha vijana kutengeneza mabango, lebo na vipeperushi. Karakana ile niliianzisha mimi, kwa meza za kuazima na kompyuta iliyokuwa ikizimika kila ikisikia radi. Na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikimwambia kila Mkuu wa Chuo kwamba usanifu usifundishwe peke yake chumbani. Anayechora bango la uzazi akae na wauguzi, nilisema. Anayechora lebo ya asali akae na warina asali, aujue moshi unavyowasha macho. Walitikisa vichwa, wakaniagizia chai.

Mkuu wa sasa amekubali. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu," akaniambia, akaniunganisha na mwalimu mgeni wa ufugaji nyuki tufundishe somo la pamoja kwa majaribio. Kesho asubuhi kwenye kikao ataamua nani alishike rasmi. Somo hilo nimeliota kabla huyo mgeni hajajua Tabora iko wapi.

Mgeni mwenyewe ni Zuhura.

Zuhura ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni mtani wangu, tena utani wa asili, tulioachiwa na babu zetu waliokuwa wakitoka hapa na mizigo begani hadi pwani, wakipita kwao. Mtani anakuambia lolote na hukasiriki. Anakuchukulia nyama sahanini unamtazama. Siku yake ya kwanza ofisini aliniuliza kama bado nabeba mizigo au siku hizi nimenunua baiskeli. Nilicheka, nikampenda papo hapo.

Laiti ningemchukia tangu siku ile, mambo yangekuwa mepesi.

Wivu ulianza na salamu. Zuhura alijifunza kusema "mwangaluka" ya Kinyamwezi ndani ya wiki moja, na analisema vibaya, analivuta kama mtu anayeita ng'ombe. Basi wamama wa sokoni wanaacha wateja wao kumwitikia. Wanamwongezea nyanya. Mimi niliyezaliwa na lugha hiyo mdomoni sijawahi kuongezewa hata kitunguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi mwenyeji sikupona, niliugua.

Kisha Julai akafariki shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Zuhura alimjua kidogo tu, nilimpeleka kula kwake Itetemia Jumapili chache. Siku ya msiba alifika kama watani wanavyofika. Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga ya marehemu, ameshika fimbo yake, mkono mmoja kiunoni, anawakaripia kuku waliokuwa wakiparua karibu na majamvi. Hakusema neno la maana. Ilikuwa ile shingo tu, iliyokuwa ikitangulia mbele ya mwili kila shangazi akiudhika. Msiba mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka, machozi yangu yakiwa bado hayajakauka, na nikamshukuru Mungu kwa kuniletea mtani.

Usiku wake nililala na neno jingine. Nilikuwa nimejaribu kuichora ile shingo ya shangazi maisha yangu yote. Zuhura, asiyejua hata penseli inachongwaje, aliipata kwa hatua kumi za kutembea uani.

Halafu akauleta uigizaji ule darasani.

Mimi nilikuwa nimeandaa projekta, picha safi, mpangilio wa rangi, nafasi kati ya herufi na herufi. Zamu yake ilipofika alisogeza meza ukutani. Akawaambia vijana wasichore kwanza, wawe. Huyu awe mzinga, huyu nyuki mlinzi, huyu mrina asali aliyepanda mtini na mwenge wa nyasi unaowaka. Walicheka hadi wakaketi chini. Kisha akawapa karatasi, nao wakachora migongo, viwiko na magoti kama sijawahi kuwaona wakichora. Nilisimama nyuma na waya wa projekta mkononi. Alichokuwa akifundisha ni kile kile cha msibani. Ni mila yetu sote wawili, na mimi sikuwahi kuiona kama somo.

Hilo ndilo linaloniuma. Angeleta kitu kigeni kutoka Dar ningemkubalia na kumsahau.

Sasa ya leo.

Mwisho wa kila kazi tuna siku ya kamba. Tunafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi mlangoni, kila mwanafunzi anabana bango lake kwa vibanio, tunapita tukisema wazi kinachofaa na kisichofaa. Sheria ni moja: unaisema kazi, humsemi mtu. Sheria hiyo niliitunga mimi, imebandikwa ukutani kwa herufi nilizokata kwa mkono wangu.

Leo tulikuwa na wageni, kikundi cha warina asali kutoka kijiji kimoja huko karibu na Isikizya. Walikuja kuchagua bango la kutundika kwenye banda lao la kukusanyia asali, la kuwakumbusha watu watumie bomba la kufukizia moshi, waache mwenge unaochoma nyuki, mzinga na msitu pamoja. Mkuu naye alikuwepo, mikono nyuma.

Vijana niliowasimamia mimi walitundika kazi nadhifu za kompyuta. Mwenge, na juu yake alama nyekundu ya mkasi, ya kukataza. Kila kitu kilikaa kwenye mstari. Wageni walizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua.

Kisha wakafika kwenye bango la Sesilia.

Sesilia ni mwanafunzi wangu. Alikuja kwangu hajui kushika rula, nikamfundisha, nikampa brashi yangu mwenyewe. Moyoni nilishamfanya mrithi wa karakana, ingawa yeye sijawahi kumwambia. Bango lake alilichora kwa rangi na mkono, kwa njia ya Zuhura. Mwanamume mtini, tunamwona mgongo. Bega moja limepanda, kichwa kimezama shingoni, mwenge umeinuliwa, na cheche zinaangukia nyasi kavu chini yake. Uso hauonekani, lakini mgongo unajua kabisa kwamba unafanya kosa.

Mama mwenyekiti wa kikundi alisogea, akainama, akapiga kofi. "Yaani huyu si Baba Limi huyu!" Na Baba Limi mwenyewe alikuwa pale, mzee mwembamba wa kofia, akajifunika uso kwa kofia yake akicheka, akikana, akikubali. Kamba nzima ikatikisika kwa watu kusukumana waone.

Sesilia aligeuka, macho yanang'aa. "Mwalimu, umeona?"

Alikuwa anamwambia Zuhura.

Hapo Mkuu akaniomba mimi, kama mtaalamu, niseme neno. Nikatazama bango, nikaona pa kushika. Chini ya picha ile Sesilia alikuwa ameandika MOSHI, SI MOTO, na herufi zimepinda, zimebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Kasoro ya kweli. Ningeweza kuisema kwa sentensi moja, ikarekebishwa kesho yake.

Badala yake nikamgeukia Zuhura, nikavaa sauti ya utani.

"Watu wa Tabora, msimlaumu mtani wangu. Babu zangu walitoka hapa kwa miguu na pembe begani, wakafika pwani wamenyooka. Yeye kaja kwa treni, kalala njia nzima, na herufi zake zimefika hapa zimelewa tembo la mnazi."

Walicheka wote. Wageni, Mkuu, vijana. Nikasikia utamu wa kukuna panapowasha, nikaendelea kukuna. Nikasema mwalimu anayefundisha watu kuruka ruka kama nyuki asishangae kuona na maandishi yanaruka. Nikasema hata mtoto wa chekechea angejificha asijulikane kwamba kayaandika yeye.

Zuhura hakucheka. Aliningoja nimalize, kisha akasema taratibu, karibu kwa huruma:

"Mtani, huo si utani."

Nilipogeuka, Sesilia alikuwa anatoa vibanio. Kimoja, kingine. Akalikunja bango lake, akapita katikati ya watu bila kumwangalia yeyote, akatoka.

Naweza kusema nilijisahau. Kwamba nilikuwa namrushia Zuhura, na Sesilia akapita njiani. Nimeshamwambia hivyo Mkuu, akaguna. Lakini shajara haigunagi, kwa hiyo niandike sawasawa. Nilijua nani aliandika herufi zile. Zuhura hajui kuchovya brashi. Nilijua, na "umeona?" ile ilikuwa bado inanichoma, na nilitaka aliyeisema naye aungue kidogo.

Utani ni wa watani. Sesilia ni Mnyamwezi mwenzangu, mtoto wa Itetemia, anayenipa shikamoo kila asubuhi akipiga goti. Hana haki ya kunijibu. Zuhura angenirudishia papo hapo na tungebaki tunacheka, ndiyo maana wazee waliweka utani kati ya watu wanaoweza kurudishiana. Mimi nilitumia kinga ya mtani kumpiga asiye mtani. Shangazi angenitandika kwa fimbo ile ile.

Wageni waliuliza bango la mgongo limekwenda wapi. Mkuu akaeleza eleza. Mama mwenyekiti akasema basi watarudi siku nyingine, hawakuchagua jingine. Nilibaki nakunja kamba, Zuhura akifagia. Mara zote tukimaliza ananiambia kitu, kwamba Wanyamwezi tunafagia kama tunafukuza chui. Leo alifagia kimya, akachukua mkoba wake.

"Kwaheri, mwalimu," akasema.

Tangu afike chuoni hajawahi kuniita mwalimu.

Basi kesho kuna kikao. Nimekaa hapa tangu jua lizame nikizipanga hoja zangu, na ubaya wake ni kwamba ni hoja nzuri. Herufi zilipinda kweli. Bango lisilosomeka halifundishi. Somo la mawasiliano ya picha linahitaji mtu anayejua picha. Nikizisema kwa utulivu Mkuu atanipa somo, na hakuna atakayeniita mwenye wivu. Ukweli unaweza kuazimwa na husuda na ukavaliwa vizuri tu.

Lakini nimeuona ule mgongo. Sikuufundisha mimi. Na Baba Limi aliyejifunika uso kwa kofia hatapandisha tena mwenge mtini bila kujiona, jambo ambalo alama zangu nyekundu hazikulifanya. Nitasema Zuhura alishike somo. Nitaomba nibaki na herufi. Sijifanyi mwema, akipewa atafurahi, na furaha yake itaniuma hadi Krismasi. Wivu haujapona. Nimeamua tu usiwe na sauti kikaoni.

Kwa Zuhura najua njia. Jumamosi nitakwenda kwake na jogoo, atanitukana mlangoni, atasema Mnyamwezi kaleta mzigo tena, atamchinja na kumla mbele yangu na kunipa shingo. Yataisha. Utani wenyewe ulishatengeneza mlango wa kurudia.

Kwa Sesilia sina mlango huo. Kwake siwezi kuingia nikicheka. Itabidi nisimame mbele ya mtoto yule, mimi mwalimu wake, nimwambie: "Sesilia, nisamehe. Bango lako ni zuri kuliko lolote nililowahi kuchora."

Nimejaribu kuisema hapa kibarazani, kwa sauti. Mara ya kwanza nikamalizia kwa kichekesho. Mara ya pili nikaongeza, "ila zile herufi." Mara ya tatu niliishia pale inapoishia, maji ya beseni yakiwa yamepoa, na jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza naongea na nani.

Kesho nitamtafuta kabla ya kikao, niseme ile ya tatu.