Kijivu cha Mjomba

4 Machi

Kwako mpwa wangu,

Salamu nyingi. Naomba barua hii ikukute na afya, kazi na hamu ya kula. Sisi huku tunasukuma siku. Bibi yako hajambo, ila jicho moja limefunga kabisa na la pili linafanya kazi kwa zamu: asubuhi linaona, mchana linapumzika. Goti langu nalo limeanza kutabiri mvua, na mara nyingi linakosea.

Najua miaka mitatu bila barua si siku tatu. Nisikuchoshe kwa maneno. Nakuandikia kwa sababu nimekwama. Bibi yako aliniambia, "Nyie wanangu na wajukuu zangu sijawahi kuwaona mahali pamoja hata siku moja. Nitengenezee picha moja kubwa, niwaone wote kabla jicho hili nalo halijaniaga." Basi nikakusanya picha za ukoo mzima, waliopo na waliotangulia, nikaanza kuwaunganisha kwenye kompyuta kama ulivyonifundisha. Kila mtu kwenye leya yake, moja juu ya nyingine, kama tunavyopanga vipande vya kioo.

Sasa leya zimefika arobaini na moja, na hakuna hata moja niliyoipa jina. Zinaitwa Leya 14, Leya 14 nakala, Leya 14 nakala ya nakala. Nikimvuta bibi yako aende kushoto, kinakwenda kiti, yeye anabaki ameketi hewani. Mkono wa mjomba wako mdogo umelala kwenye bega la mtu nisiyemfahamu. Jana nilimpoteza babu yako saa nzima, kumbe alikuwa nyuma ya pazia.

Wewe ulikuwa na utaratibu wa kuzitia rangi kwenye orodha ili kila kitu kijulikane. Faili ni zito, mtandao wetu hauliwezi, kwa hiyo nimeliweka kwenye flashi hii. Nipangie, kisha uirudishe.

Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu. Hajaacha umbea.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua nimeipata, na flashi. Mimi mzima. Jicho la bibi naliombea.

Kazi nimeimaliza. Wote nimewapa majina, na nimewagawa kwa rangi zilezile za kwenye orodha niliyobandika juu ya kompyuta yako: walio hai kijani, marehemu kijivu, viti na pazia njano, na kila kisichotakiwa kuguswa nyekundu. Ni alama za pembeni tu, hazitatokea kwenye picha. Babu yupo. Mkono wa mjomba mdogo nimemrudishia mwenyewe; lile bega lilikuwa la bwana harusi fulani, mteja wa zamani wa studio yako, sijui aliingiaje kwenye ukoo wetu. Bibi na kiti chake nimewafunga pamoja, ukivuta kimoja kinakuja na mwenzake.

Leya moja nimeiondoa. Ni ile uliyokwisha kuipa rangi mwenyewe kabla hujanitumia. Nilikuwa nampa mama yangu kijivu chake, nikakuta chini yake kuna mwingine ameshapewa. Nimekuelewa.

Msalimie bibi.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Habari za huko, na pole na kazi. Huku wote wazima, ila mimi siko sawa, na sitakudanganya.

Niliifungua picha nikakuta kila mtu ametulia mahali pake. Nikakusifu kwa sauti, peke yangu, mpaka fundi cherehani akachungulia kuona nazungumza na nani. Kisha nikaona pengo kando ya bibi yako. Pale ulikuwa umesimama wewe.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema umenielewa. Mimi sijakuelewa. Nilikuomba uwapange watu, sikukuomba ujitoe. Kama hutaki kusimama nasi hata kwenye karatasi, niambie tu, nijue moja. Bibi yako ameuliza picha iko wapi, nikamwambia printa imeharibika. Huo ni uongo wangu wa pili kwa mama yangu. Wa kwanza ulihusu sukari, nilikuwa na miaka saba, na nilichapwa.

Akiuliza tena sijui nimjibu nini.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na nikinyamaza nitapasuka, kwa hiyo nitasema.

Katika leya arobaini na moja, uliipa rangi moja tu, ya kwangu. Ukaipa kijivu. Ile orodha niliiandika kwa kalamu nene, wewe umesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Kijivu ni marehemu. Na siku niliyoondoka, nikiwa na begi mkononi, uliniambia, "Ukivuka kizingiti hicho, kwangu umeshakufa." Nikakivuka. Sikwenda kuzurura, mjomba. Nilikwenda kazini, kwenye kampuni inayochapa vitabu, na mpaka leo nakula kwa yale uliyonifundisha wewe.

Kwa miaka mitatu nilijiambia kwamba yale yalikuwa maneno ya hasira, na hasira hupita. Kisha nikafungua faili nikakuta umeyaweka kwa maandishi. Mtu akisema, tunasema ulimi hauna mfupa. Lakini rangi haitelezi. Ni lazima ubonyeze, orodha ifunguke, uzitazame zote, halafu uchague.

Sikujitoa. Ulinitoa wewe, mimi nimefagia tu.

Mpwa wako


24 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu zitangoja mwisho wa barua.

Ile orodha yako sikuwahi kuisoma. Uliibandika juu, na miwani yangu ni ya kuonea karibu. Miaka yote hii nilidhani ni bei za picha. Wateja wakiniuliza bei, nilikuwa nawaonyesha kwa kidole, wanaitazama, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Sasa ndiyo najua kwa nini biashara ilidorora.

Kijivu changu mimi kinatoka mbali zaidi. Zamani, kabla ya kompyuta hii, nilikuwa natembea na kipande cha kadi kwenye mfuko wa shati. Kijivu kitupu, hakina picha wala maandishi. Mteja akikaa, namshikisha kadi karibu na shavu, napima mwanga juu yake, ndipo napiga. Kadi ile haipendelei mtu. Ukiipata yenyewe sawasawa, nyeupe itatoka nyeupe na uso wa mtu utatoka uso wake. Ukiikosa, watu wote wanatoka kama wana homa. Kwetu sisi tuliosafisha picha kwenye chumba cha giza, kijivu hakikuwa cha wafu. Kijivu ndicho kipimo.

Sasa hizi picha nilizozikusanya, kila moja ilikuja na mwanga wake. Babu yako alikuwa rangi ya chai. Dada yangu, mama yako, alikuwa ameiva wekundu. Mjomba wako mdogo alikuwa wa buluu, ungedhani ameopolewa mtoni. Ya kwako peke yake, ile niliyokupiga mlangoni, ndiyo iliyokuwa sawa. Nikaitia kijivu nisiisahau. Mara ya kwanza niliogopa hata kubonyeza, nikidhani utageuka kijivu mpaka usoni! Kisha nikawalinganisha wote na wewe, mmoja mmoja, kwa wiki sita. Mashavu ya bibi yako niliyapata kwa kukutazama wewe. Mama yako pia. Sijui kama unaelewa jinsi nilivyokutazama.

Ila lile neno la kizingitini nililisema, na sitalifunika kwa kadi. Nililisema kwa woga. Nilikuona unaondoka na kazi yangu yote mikononi mwako, mimi nabaki na viti na mapazia. Ningeweza kukuandikia kesho yake. Nikasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miaka mitatu, kwa kiburi changu tu. Hata barua ya kwanza niliyokuletea nilijificha nyuma ya kompyuta, nikaomba msaada badala ya kuomba radhi. Nisamehe, mwanangu. Umri haumpi mtu ruhusa ya kutamka neno kama lile.

Rudisha picha yako, tafadhali. Sina nakala nyingine.

Salamu sasa. Bibi yako hajambo, goti langu linasema mvua itanyesha, usiliamini.

Mjomba wako


15 Mei

Mpwa wangu,

U mzima? Barua yangu ilifika? Jicho la bibi yako limepunguza zamu, siku hizi linaona saa moja tu baada ya kuamka, kisha ukungu. Sikuharakishi.

Nakuharakisha kidogo.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba, shikamoo, na marahaba yako nataka niisikie kwa masikio.

Barua yako ya Aprili ilinikuta kazini. Niliisoma nimesimama, nikalia mbele ya mkuu wangu, nikasingizia mwanga wa skrini. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuandika maneno matupu, nilikuwa nangoja jibu la likizo. Nimepewa wiki mbili. Nafika Jumamosi ya tarehe 14 Juni, kwa basi la asubuhi.

Sasa nikuungamie. Picha yangu sikuifuta. Nilitaka, kidole kikakataa. Nilifumba tu lile jicho dogo lililo pembeni ya leya, ikajificha. Ungelibonyeza hata kwa bahati mbaya ningetokea. Miezi yote hii nilikuwa humo humo, nimenuna.

Lakini usinitokeze. Yule wa mlangoni alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa hajagombana na mtu. Bibi ameomba kuwaona watu wake, basi mimi atanionea usoni. Picha nyingine tutapiga hapo hapo.

Na kuna jambo umelipitia wiki sita bila kuliona. Nimewahesabu watu wote kwenye nakala ya faili niliyobaki nayo, kijani na kijivu, mara mbili. Wewe humo! Umekusanya ukoo mpaka na bwana harusi wa watu, mwenyewe ukajisahau. Kweli kinyozi hajinyoi. Safari hii kamera nitaishika mimi, na wewe utakaa, na nitakuamuru utabasamu kama unavyowaamuru wenzako. Tutaona kama unajua.

Nimekusamehe, mjomba. Nimeliandika ili uwe nalo kwenye karatasi. Nami nisamehe kwa kukaa kimya miaka mitatu nikingoja mkubwa aanze.

Mpwa wako


14 Juni
(kwa mkono wa fundi cherehani)

Mpwa wangu,

Karibu. Ukiwa unasoma hii, ujue tumepishana njiani.

Nilipanga nikungoje studio kama mtu mzima. Nikavaa shati jeupe, nikakaa, nikasimama, nikapanga viti mara tatu. Fundi cherehani akaja akaniambia, "Nenda, bwana, unatuchosha wote." Basi nimekwenda stendi, na basi lenyewe bado saa mbili lifike. Usinicheke.

Mlango haujafungwa. Bibi yako yumo ndani, amekaa tangu alfajiri na macho ameyafumba. Usiogope, hajalala. Anasema jicho limebaki na saa moja tu kwa siku, na ya leo hataki kuitumia kwa mtu mwingine. Usinisubiri mimi nirudi. Ingia, msogelee karibu kabisa, kisha umwambie afumbue.

Mjomba wako